Wamekula, Hawakulishwa

Nyuma ya stoo ya chanjo katika ofisi moja ya afya mjini Tabora kuna chumba chenye dirisha dogo, meza, jiko la mafuta ya taa na rafu ndefu ya chupa. Ndani ya chupa mna maji ya visima, udongo wa mashamba ya tumbaku, majivu, asali, na nyuki waliokufa. Kila chupa imebandikwa karatasi yenye jina la kijiji na tarehe. Anayezitunza ni Bibi Mwanahawa binti Yahaya, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na minne, ambaye hutembea upesi na kuzungumza polepole. Kazi yake ni kutafuta sumu zilizoingia katika maji, vyakula na vyombo vya watu, na kuonyesha magonjwa yanayotokana nazo. Vipimo vigumu hupelekwa Dar es Salaam. Yeye hukusanya, huuliza, huandika, kisha hurudi kuuliza tena.

Alizaliwa Ng'ambo, mtaa wa zamani wa mafundi na wachuuzi. Baba yake, Yahaya Saidi, ni fundi bati. Kwa miaka arobaini ameketi katika kibaraza chake akitengeneza koroboi, ndoo na mikebe kutokana na makopo na madebe makuukuu. Mwanahawa alikua katika mlio wa nyundo ya baba yake, na kabla ya kujua kusoma alikwisha kujua kulehemu. Alipochaguliwa kwenda chuo cha afya, majirani walimwuliza mzee kama haoni haya binti yake kwenda kufundishwa kukagua vyoo. Mzee aliwajibu kwamba vyao ndivyo vitakavyokaguliwa kwanza.

Habari ninayotaka kuieleza ni ya mwaka 1975. Mwenyewe aliniambia kwamba kabla ya mwaka huo alikuwa mpimaji tu wa maji, na kwamba utafiti alijifunza katika siku nane, tena kwa sababu ya kosa lake.

Mwezi wa Novemba ilifika barua kutoka Kijiji cha Ujamaa cha Mwamko, upande wa Ipole, katika njia ya kusini iliyopitiwa na misafara zamani. Iliandikwa na Hilari, mganga wa zahanati ya kijiji. Katika wiki nne watoto kumi na mmoja walikuwa wamepatwa na mitetemeko na kupoteza fahamu. Wawili walikuwa wamekufa. Dawa ya malaria haikuwasaidia.

"Degedege," alisema Ndugu Eustace, mkuu wa ofisi, akairudisha barua mezani. "Mvua zimeanza, mbu wamezaliwa. Unataka nini tena?"

"Hilari anasema hawana homa, mzee."

"Labda kipimajoto chake kimekufa."

"Anasema mate yanawatoka kama maji, na jasho linalowesha mkeka. Degedege gani hiyo?"

"Bibi Mwanahawa, wewe kila ugonjwa lazima uutafutie sumu. Mwaka jana ulinipimisha kisima kimoja mara nne."

"Na mara ya nne tukakuta mafuta ya gereji."

Eustace alicheka bila kutaka, akachukua kalamu. "Siku kumi na mbili. Lori la tumbaku linaondoka kesho asubuhi. Ukirudi na degedege, utaninunulia chai mwezi mzima."

Mwamko kilikuwa kijiji kipya. Mwaka uliotangulia, wakati wa Operesheni ya kuwahamisha watu katika vijiji, familia zilizokuwa zimetawanyika porini zililetwa hapo kwa malori na kupewa viwanja kwa mistari, nyumba kumi kumi. Watu walilima mahindi kwa ajili ya chakula na tumbaku kwa ajili ya kuuza, na wengi walikuwa na mizinga ya nyuki msituni. Katikati palikuwa na ofisi, zahanati na bohari ya tumbaku.

Mwanahawa alipofika zahanati alimkuta msichana wa miaka mitano, Koleta, amelazwa mkekani. Mama yake, Getruda, alikuwa akimfuta mate kwa upande wa kanga. Kaka yake Koleta alikuwa mmoja wa wale wawili waliozikwa. Mwanahawa alipiga magoti, akainua kope la mtoto. Mboni ya jicho ilikuwa imesinyaa, ndogo kama tundu la sindano, ingawa chumba kilikuwa na giza.

"Ndugu Hilari, una atropini?"

"Ninayo michomo sita. Hiyo ni dawa ya macho na tumbo, dada."

"Mchome. Kisha tukae tumtazame."

Baada ya nusu saa mate yalikauka. Mboni zilianza kupanuka, na mtoto akaomba maji. Hilari, kijana mnene aliyependa mizaha, hakuwa na mzaha hata mmoja siku hiyo. Yeye na Mwanahawa walijua maana yake: kitu kilikuwa kimeshambulia mishipa ya fahamu, na kitu hicho hakikuletwa na mbu.

Jioni watu walikusanyika mbele ya zahanati kusikia habari. Mwanahawa alisimama kizingitini, akafurahi kwamba alikuwa na jibu, akasema kwa Kiswahili safi cha mjini: "Ndugu zangu, hii si degedege. Watoto hawa wamekula sumu. Tutatafuta imetoka wapi."

Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuuliza swali. Yeye alidhani wameelewa.

Asubuhi Hilari alimletea uji, akauweka chini kwa kishindo. "Dada, umetuchomea kijiji."

"Nimefanya nini?"

"Umesema watoto wamelishwa sumu."

"Nilisema wamekula!"

"Najua ulichosema. Mimi nakwambia walichosikia."

Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo mdomoni, lakini katika nyumba za watu ni kubwa. Aliyekula amekula mwenyewe, kwa kutojua au kwa njaa. Aliyelishwa ana mtu aliyemlisha. Neno la Mwanahawa lilikuwa limetoka zahanati likiwa "wamekula", likapita nyumba ya kwanza likawa "wamelishwa", na lilipofika mwisho wa mstari, likiwa limekwisha kugeuzwa Kinyamwezi, lilikuwa limebaki neno moja tu: bulogi, uchawi. Sasa lilikuwa na jina la mtu pia.

Mtu huyo alikuwa Apolinaria, mjane aliyekaa nyumba ya mwisho upande wa msitu. Alikuwa Mkatoliki mwenye rozari shingoni na ulimi mkali kinywani. Mumewe alipofariki alirithi mizinga yake, akawa akiipandia mwenyewe mitini, jambo ambalo wanawake wengi hawalifanyi. Watoto waliporudi kutoka shamba la shule walipita kwake, naye aliwapa togwa aliyoitia asali.

Mwenyekiti wa kijiji, Anton, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, naye ndiye aliyeshika shoka la kwanza siku ya kufyeka shamba la ujamaa. Lakini alikuwa na watu mia tatu ambao hawakuzoeana, na hofu yao ilimtisha kuliko simba.

"Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo," alimwambia Mwanahawa ofisini. "Wanataka aondoke. Mizinga yake ichukuliwe na kijiji."

"Aondoke aende wapi, Ndugu Mwenyekiti? Kwake kwa zamani mlikwisha kubomoa."

"Hilo usiniulize mimi."

"Nitamwuliza nani? Yule bibi atakufa porini."

"Watoto wawili wamekwisha kufa hapa! Wewe mwenyewe umetuambia sumu. Sasa unataka nikaseme nini, kwamba bibi afya alikuwa anatania?"

Mwanahawa aliitazama kalenda ukutani. Alihesabu siku: zilikuwa nane. Alitoka nje akiwa ameamua kwamba kabla ya Jumamosi ile ataijua njia yote ya sumu hiyo, kutoka ilikotoka mpaka kinywani mwa mtoto, na kwamba bila njia hiyo hatapanda lori.

Alianza nyumba kwa nyumba na daftari lake.

"Mwangaluka," alisalimu.

"Mwangaluka."

"Nyumbani hapa mna sumu yoyote?"

"Sisi si watu wa sumu, mama."

Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu mlango ulifungwa kabla hajamaliza. Katika nyumba ya kumi na moja mwanamume mmoja alimwambia kwamba kama anataka wenye sumu aendelee mpaka mwisho wa mstari. Siku nzima ilipita, na daftari lilikuwa na nyumba ishirini na sita na neno moja: hakuna, hakuna, hakuna.

Siku ya pili alifika kwa Getruda. Koleta alikuwa amekaa mlangoni akila kiazi. Mwanahawa aliuliza swali lile lile, na Getruda alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea.

"Bibi afya, wewe unatafuta nini hasa? Kitu cha kuua watu, au cha kuua wadudu?"

"Cha kuua wadudu."

"Ah! Basi sema dawa." Aliingia ndani, akatoka na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. "Dawa ya tumbaku. Natia tone kwenye kunguni wa kitanda. Hii nani asiye nayo?"

Mwanahawa alisimama palepale. Siku nzima alikuwa akiwauliza watu kama ni wauaji, nao walikuwa wakimjibu kwa heshima. Kitu kilichotoka bohari ya tumbaku kilikuwa dawa: aliyekigawa alikiita dawa, karatasi za mafunzo zilikiita dawa, na aliyekuwa na chawa alikipaka kichwani kwa jina hilo hilo. Alirudi nyumba ya kwanza akaanza upya. "Mna dawa ya tumbaku?" Milango ilifunguka. Kati ya nyumba hamsini na mbili, arobaini zilikuwa nayo, ndani ya chupa, vibuyu na makopo ya maziwa.

Lakini furaha hiyo ilidumu mpaka alasiri tu. Kama dawa iko katika nyumba arobaini, mbona wameugua watoto kumi na mmoja? Kwa siku mbili zaidi alichora mistari katika daftari, akaandika kila mtoto alikula nini, alikunywa nini, alilala wapi. Visima vilikuwa tofauti. Unga ulikuwa tofauti. Kitu kimoja tu kiliwakutanisha wote kumi na mmoja, na alikiandika mkono ukiwa mzito: togwa ya Bibi Apolinaria.

"Tena kuna jambo jingine," alisema Hilari akichungulia daftari. "Tangu watu walipowakataza watoto kunywa kwake, hakuna aliyeugua. Mwenyekiti amekwisha kuligundua hilo. Analisema kila mahali."

"Basi twende kwa mwenyewe."

Walimkuta Apolinaria ameketi ndani, akichambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ingieni, kama hamniogopi. Siwakaribishi kunywa kitu, msije mkafa mkanipa kazi ya kuzika."

"Bibi, naomba nikuulize..."

"Uliza. Wenzako hawaulizi, wanatema mate wakipita. Jana mwanamke mmoja amevuka barabara na mzigo wa kuni kichwani ili asinisalimu. Nikamwambia, mwanangu, kuni zako ni nzito, pita tu, leo siku yangu ya kuloga si hii."

Hilari alicheka. Mwanahawa hakucheka, kwa sababu alikuwa akitazama mikono ya bibi. Maharage yalikuwa yakimponyoka.

"Mikono inakutetemeka tangu lini?"

"Tangu masika ya uzee. Hapana, si zamani sana. Mwezi mmoja hivi. Na kichwa kinaniuma, na jasho."

"Nitazame, bibi."

Chumba kilikuwa na giza, lakini mboni za Apolinaria zilikuwa zimesinyaa kama za Koleta. Mwanahawa alikaa chini kwenye sakafu ya udongo. Kama bibi huyu aliwalisha watoto, basi alikuwa akijilisha mwenyewe pia.

"Togwa unaiweka katika chombo gani?"

"Debe lile pale. Zamani nilikuwa na kilindo changu cha gome la mti, kinakaa asali miaka. Siku ya kuhamishwa Mwenyekiti akasema lori halina nafasi ya mambo ya kale, nikakiacha. Nikanunua debe hili kwenye gulio la Ipole, kwa mchuuzi wa mjini. Zuri, jipya. Togwa inalala humo siku mbili inachachuka vizuri."

Mwanahawa alilivuta debe mlangoni kwenye mwanga. Lilipakwa rangi ya fedha, na mdomo wake ulikunjwa kwa nje ili usikate mikono. Alipitisha kidole juu ya mkunjo huo. Ulikuwa mkunjo wa mara mbili, uliolazwa kwa nyundo ya mti, na kila inchi mbili kulikuwa na alama ndogo ya pigo la pembeni. Mafundi wengine hukunja mara moja tu. Alijua fundi mmoja anayekunja hivyo, kwa sababu alikuwa amemshikia bati tangu utotoni. Aliinama akanusa kona ya chini, palipolehemiwa. Kulikuwa na harufu hafifu kama ya kitunguu saumu, ile ile ya dawa katika chupa ya Getruda.

Hilari alitaka kulifungua palepale, waone kilichomo ndani ya mabati. Mwanahawa alimkataza. "Tukilifungua hapa, watasema tumelitia sisi. Lifungwe kwa kitambaa, liwekwe zahanati, na Mwenyekiti atie muhuri wake. Mimi naenda Tabora."

"Tabora? Jumamosi imebaki siku nne!"

"Ndiyo maana naondoka leo."

Yahaya Saidi alikuwa kibarazani, miguu ameikunja, akikata bati kwa mkasi. Aliitikia shikamoo ya binti yake bila kuinua kichwa, akamwagiza alete mswaki wa kupakia risasi ya kulehemu. Mwanahawa hakuuleta.

"Baba, madebe ya rangi ya fedha uliyompa mchuuzi wa Ipole, yalikuwa ya nini kabla?"

"Madebe ni madebe."

"Baba."

Mzee aliweka mkasi chini. "Yalikuja na lori la tumbaku kutoka Mwamko. Yalikuwa na mkanda mwekundu na fuvu la kichwa. Madebe tisa. Nikayachemsha kwa magadi, nikayasugua kwa mchanga, nikapaka rangi. Mimi si mtoto."

"Uliyalehemu chini?"

"Yalikuwa yanavuja pembeni, nikayatia bati jingine juu ya lile la zamani. Unataka livuje?"

"Maji ya magadi hayakuingia kati ya mabati hayo mawili, baba. Dawa ilibaki humo. Mahindi makavu yakiwekwa humo hayawezi kuitoa. Lakini togwa iliyochachuka ikikaa humo siku mbili, inaivuta yote."

Alimweleza watoto kumi na mmoja, na makaburi mawili. Yahaya alisikiliza akipangusa viganja vyake kwenye shuka, tena na tena, ingawa havikuwa na kitu.

"Twende wote Mwamko," alisema Mwanahawa.

"Unataka nikasimame mbele ya watu wale niseme nimeua watoto wao?"

"Sitaki useme umeua. Nataka useme ulikunja."

"Ni lile lile! Wewe umesoma, utasema kukunja na kuua ni mbali. Wao wakinitazama wataona mkono huu tu." Aliuinua mkono wake wa kulia. "Siendi. Niite mwoga. Siendi."

Mwanahawa alijua kwamba hatamshinda. Lakini alipoinuka, mzee alimwita arudi, akamkabidhi koleo lake la pua nyembamba.

"Ukiufungua mkunjo, usianzie mbele. Anzia chini ya mshikio, pale nilipomalizia. Ukivuta kwa nguvu utachana, hakitaonekana kitu. Vuta kama unafungua bahasha." Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Jina langu litaje. Wasije wakamsingizia fundi mwingine."

Jumamosi saa nne asubuhi watu walijaa uwanjani mbele ya ofisi. Apolinaria aliketi peke yake kwenye kigoda, na kati yake na wengine palikuwa na nafasi ya hatua kumi. Mwenyekiti alifungua mkutano, akasema jambo lililopo linajulikana, na kwamba bibi afya ameomba dakika chache.

Mwanahawa hakupanda jukwaani. Alisimama chini na debe, akamwonyesha Mwenyekiti kwamba muhuri ni wake.

"Kabla sijasema, nauliza. Wanaume mliopakua dawa ya tumbaku, debe lake lilikuwaje?"

"Lina mkanda mwekundu," walijibu.

"Na nini?"

"Kichwa cha maiti!" akadakia mzee mmoja, na watu wakacheka kidogo kwa woga.

"Debe hili je?"

"Hilo ni jipya. La fedha."

Alipiga magoti, akashika koleo, akaanzia chini ya mshikio. Waliokuwa nyuma walisogea ili waone. Alivuta polepole, mkunjo wa kwanza ukafunguka, kisha wa pili. Ndani ya mkunjo, pale ambapo mchanga wa fundi haukufika, palikuwa na utepe mwekundu wa upana wa kidole. Alipozunguka upande wa pili ulitokea ukingo mweusi wa duara, na chini yake tundu la jicho moja la fuvu.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Waliokuwa mbele walirudi nyuma wakawakanyaga waliokuwa nyuma. Aliwapitishia debe, akawaambia wanuse kona ya chini bila kugusa.

"Hapo ndipo dawa ilipojificha," alisema. "Togwa ilikuwa ikiivuta. Bibi Apolinaria naye ameugua kwa debe hilo hilo. Ndugu Hilari ameyaona macho yake."

Mwanamume mmoja aliinuka. "Na kama yeye mwenyewe aliliokota bohari akalipaka rangi?"

"Hakulipaka yeye. Mkunjo huu ni wa fundi Yahaya Saidi wa Ng'ambo. Ni baba yangu."

"Kumbe mlishaji yuko kwenu mjini!" mtu alipiga kelele, na kicheko kikali kikazuka.

Mwanahawa alingoja mpaka kikaisha. "Baba yangu alikunja bati. Alidhani limetakata. Na yeye madebe aliyapata wapi? Yaliletwa na lori la tumbaku. Nani aliyapakia kwenye lori hilo, hapa hapa Mwamko?"

Wanaume walitazamana. Kila mmoja alikuwa amepakia, na Mwenyekiti ndiye aliyetoa amri madebe matupu yaondolewe uwanjani kwa bohari.

"Nani aliyenunua na asiulize? Nani aliyeita kitu hiki dawa? Sisi wote. Na mimi nilikuja hapa nikasema neno sumu kama mtu anayerusha jiwe gizani, sikuangalia litamwangukia nani. Limemwangukia bibi huyu. Watoto hawakulishwa na mtu. Wamekula. Kama mnataka kumfukuza mtu leo, mnifukuze mimi, lakini madebe mengine manane ya aina hii yapo katika nyumba zenu na za jirani, na nikiondoka hakuna atakayeyajua kwa kuyatazama."

Mwenyekiti Anton alivua kofia yake, akavuka zile hatua kumi, akasimama karibu na kigoda cha Apolinaria. "Bibi anabaki," alisema. "Anayepinga anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Apolinaria alimtazama Mwenyekiti kutoka chini mpaka juu. "Nimekusikia. Lakini jana ulikuwa umenigawia mizinga yangu kwa watu wengine. Wote warudishe leo, kabla nyuki hawajaniuliza."

Alasiri hiyo madebe matano yalipatikana, yakatobolewa kwa misumari na kuzikwa mbali na visima. Matatu yaliyobaki Mwanahawa aliyafuata gulio kwa gulio mpaka mwezi wa Januari. Yahaya hakugusa tena debe la dawa ya tumbaku, akawazungukia mafundi wenzake wa Ng'ambo kuwaambia sababu, jambo ambalo kwake lilikuwa zito kuliko safari ya Mwamko aliyoikataa. Taarifa ya kurasa thelathini ilipelekwa Dar es Salaam. Ilichukua mwaka na nusu kujibiwa, na katika muda huo Mwanahawa aliiandika upya mara tatu na kuituma tena, kila mara ikiwa na vijiji vingi zaidi.

Asubuhi ya kuondoka, wakati lori lilikuwa likipakia, Hilari alimshika mkono akamwambia atazame mwisho wa mstari. Katika vijiji vile mama akiamka na meko yake yamezimika huenda kuomba moto kwa jirani, wala haombi kwa mtu anayemwogopa, kwa kuwa moto huo ndio utakaopika chakula cha wanawe. Getruda alikuwa akipita nyumba moja baada ya nyingine akiwa na kigae mkononi, Koleta nyuma yake. Nyumba zote hizo zilikuwa zikifuka moshi. Alizipita zote, akasimama mbele ya mlango wa Apolinaria. Hakuingia. Walibadilishana maneno machache ambayo kwa mbali hayakusikika. Bibi aliingia ndani, akatoka na makaa mawili kwenye kipande cha chungu, akayamimina katika kigae cha Getruda kwa uangalifu, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado inatetemeka.